Mechi ya Thelathini

Nukta alikuwa na jicho moja tu la kufanyia kazi, na asubuhi ya mechi ya mwisho ya msimu jicho hilo nalo likaanza kumgeuka. Alikuwa bafuni mbele ya kioo, povu la dawa ya meno mdomoni. Akajitazama machoni kama mtu yeyote anavyojitazama, na shingo yake hakuiona. Chini ya kidevu palikuwa peusi. Si giza la taa kuzimika, hapana. Ni kitu kizito chenye ukingo wa mviringo, kikitikisika kidogo kila alipogeuza jicho. Akafuta kioo kwa kiganja. Akanawa uso. Akajitazama tena, shingo bado hakuna.

Akaziba jicho la kulia, hali ileile. Akaziba la kushoto, akabaki na ukungu wake wa siku zote, ukungu wa miaka sita, ambao ndani yake dirisha ni weupe tu na mtu ni doa linalotembea. Basi akajua. Ugonjwa umeingia kwenye lile zima. Wiki nzima alikuwa akiona cheche za mwanga pembeni, akajidanganya kwamba ni uchovu. Jasho jembamba likamtoka, akaketi ukingoni mwa beseni la kuogea na mswaki mkononi.

"Baba watoto, umelala humo?" mkewe akauliza kutoka chumbani.

"Natoka."

"Chai inapoa. Na usiondoke bila kula, ukaja kuanguka uwanjani watu wakasema nakunyima."

Akacheka, ili mke asikie kicheko. Kuchekacheka ndiko kulikomfikisha mtu huyu alipofika, na ngoja nieleze haraka kabla jicho halijaharibika zaidi.

Nukta alikuwa mfupi. Sisemi mfupi wa kusema "si mrefu sana", nasema mfupi: sentimita mia moja sitini na nne, tena amevaa soksi nene. Kwenye kitabu cha ligi ya mpira wa kikapu wameandika mia moja sabini na mbili, na aliyeandika alijua anachofanya. Akiwa na miaka kumi na tisa alikwenda kujaribiwa kwenye klabu yake ya kwanza, na mlinzi wa geti akamwelekeza kwamba tiketi zinauzwa dirisha la pili. Hakubishana naye. Akanunua tiketi, akapanda jukwaani, akashuka ngazi upande wa pili mpaka uwanjani, akaomba mpira. Jioni yake kocha alikuwa bado anacheka, lakini alikuwa pia amehesabu mipira kumi na mmoja ambayo kijana yule alikuwa amewapokonya majitu yake. Senta wa timu ile, yule mrefu anayesimama chini ya kikapu, ndiye aliyempa jina. Alisema kwenye ukurasa mzima yeye haoni mtu, anaona nukta.

Misimu kumi na minne ikapita, klabu tatu, ubingwa mmoja. Katikati ya watu wanaoinama kupita mlangoni, aliishi kwa mbio, kwa akili, na kwa kujitania mwenyewe kabla wenzake hawajamtania. Akiingia kwenye basi la timu anaomba mkanda wa usalama wa mtoto. Akipigwa picha na wenzake anasimama juu ya mpira. Wakampenda kwa hilo. Mtu mfupi asiyechekesha, kwenye kazi ile, ni mtu mfupi tu.

Sasa kuna jambo ambalo mashabiki hawalifikirii kabisa. Uso wa mtu mfupi uko usawa wa viwiko vya watu warefu. Miaka sita kabla ya asubuhi hii, jamaa mmoja alikamata mpira, akageuka nao kama wanavyofundishwa, viwiko nje, na kiwiko kikamwingia Nukta kwenye jicho la kulia. Hakukuwa na ubaya wala ugomvi. Nukta akasema ni kope tu imevimba, akacheza mechi tatu zaidi na barafu usoni, na alipokwenda hospitali kwa siri jicho lilikuwa limekwisha kufa. Waliojua ni wawili: mkewe, na Dokta wa timu.

Dokta huyu, tusidanganyane, hakuwa daktari. Alikuwa mchua misuli, fundi hasa wa kazi yake, lakini klabu ilimpa pia kazi ya kuwapima wachezaji kila mwanzo wa msimu na kusaini fomu zao. Kwenye chumba chake, nyuma ya mlango, alibandika lile karatasi la herufi za kupimia macho. Nukta alilikariri lote, mstari kwa mstari. Msimu mmoja chumba kilipakwa rangi, karatasi likabanduliwa, na Dokta akasahau kulirudisha. Nukta akaingia, akaziba jicho zima kwa kiganja, akasimama pale anaposimama kila mwaka, akaanza kumsomea Dokta herufi kutoka kwenye ukuta mtupu. Alisoma mistari minne bila kukosea. Dokta akaangua kicheko. Halafu kicheko kikamkauka, akasimama, akafunga mlango kwa ufunguo. Siku ile alisaini. Aliendelea kusaini kila mwaka, na hawakulizungumza tena.

Na uwanjani je? Uwanjani kasoro ikageuka umaarufu. Nukta alikuwa na pasi moja ya kulia ambayo aliitoa bila kutazama, uso umeelekea kushoto, mpira unakwenda kulia na kutua mkononi mwa mwenziwe. Jukwaa zima lilikuwa likisimama kwa pasi ile. Watangazaji walisema ana macho kisogoni. Masikini, hakuwa akitazama kulia kwa sababu kutazama kusingemsaidia kitu. Alihesabu tu hatua za wenzake kichwani, na aliyesimama nje ya mahali pake alikiona cha moto baada ya mechi.

Tumrudie na asubuhi yake. Alikunywa chai, akaaga kwamba anawahi mazoezi mepesi, akaenda moja kwa moja kwenye zahanati ya macho ng'ambo ya mji. Daktari alikuwa mama mmoja mwembamba, mwenye mikono baridi. Akamdondoshea dawa, akamulika, akarudia kumulika. Nukta akajaribu kumchekesha: akasema kama kuna kitu kimeanguka humo ndani, wasisumbuke kukirudisha. Mama hakucheka.

"Ndani ya jicho kuna utando mwembamba, ndio unaoonea," akasema. "Wako umeanza kubanduka, kama karatasi ya ukutani iliyoingia maji. Giza unaloliona chini litaendelea kupanda. Kwa sasa katikati bado ni pazima. Nikikushona likiwa halijafika katikati, utaona. Likishafika, hata nikishona vizuri namna gani, jicho halitarudi lilivyokuwa. Na hilo lingine nimeliona. Kwa hiyo unanielewa ninachokwambia."

"Nakuelewa."

"Chumba cha upasuaji nitakipata kesho asubuhi, wewe wa kwanza kabisa. Mpaka hapo ukalale chali. Usiiname, usikimbie, usinyanyue kitu, na usigongwe. Ukigongwa leo, kesho huenda nisiwe na cha kushona. Una bima?"

"Ya klabu," Nukta akasema, na hapohapo akakumbuka leo ni siku gani.

Mkataba wake ulikuwa unakwisha leo, filimbi ya mwisho ikilia, na bima inakwenda na mkataba. Kulikuwa na kipengele kimoja tu cha kumwokoa: akicheza mechi thelathini kwenye msimu, hata kwa dakika moja moja, mkataba unaongezeka mwaka mzima bila mtu kuulizwa. Alikuwa amecheza ishirini na tisa. Kulikuwa na kipengele kingine pia, kibaya: mchezaji akibainika ameficha ulemavu au jeraha, mkataba unachanwa siku hiyohiyo. Upasuaji wenyewe, na miezi ya matibabu baada yake, bila bima wangeuza cherehani, kabati na mlango wa kabati na bado wasifike.

Kwa hiyo alijipigia hesabu pale kitini, dawa bado inamchuruzika shavuni. Dakika moja uwanjani. Aguse mpira mara moja, atoke, akalale chali, kesho akashonwe. Dakika moja si kitu. Ndivyo alivyojiambia, na nakuhakikishia hakuamini hata neno moja. Mkewe alipopiga simu kuuliza yuko wapi, akamwambia alipita kuchekiwa jicho na daktari kasema ni uchovu.

"Uchovu tu?"

"Uchovu tu, mke wangu."

Mkewe alikuwa fundi cherehani, na kwa miaka sita alikuwa amelilinda jicho lile moja kuliko alivyolinda vidole vyake. "Haya, basi," akasema, akakata simu.

Uwanjani alimkuta Dokta anapanga bandeji kwenye meza yake. Nukta akafunga mlango.

"La kushoto," akasema.

Dokta hakuuliza la kushoto nini. Alikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, bandeji mkononi inajifungua yenyewe mpaka sakafuni. Nukta akamweleza yote, utando, giza, kesho asubuhi, mechi ya thelathini.

"Umemwambia nani?"

"Wewe."

Dokta akajifuta uso. Alikuwa mtu wa makamo, ana watoto wanne na mama mzazi ndani ya nyumba, na jambo hili likijulikana anamwaga unga yeye wa kwanza, tena kwa aibu. Nukta aliona woga wa mwenziwe na ukamzidishia wake. Mtu ukiogopa peke yako angalau unaweza kujikana.

"Nitamwambia kocha ni goti," Dokta akasema. "Akuanzishe, dakika moja, akutoe. Wewe kaa mbali na watu. Mpira ukija mpe wa karibu. Kaka, usiingie kwenye watu."

Akamfunga bandeji kwenye goti zima kabisa, na vidole vyake, vilivyokuwa vikifunga bandeji miaka ishirini, vikakosea mara mbili.

Kocha alikubali. Kwa heshima ya mzee, akasema, na jukwaa litafurahi. Saa tisa mpira ukarushwa. Nukta aliteremka uwanjani roho iko mkononi, na kitu cha kwanza alichokiona ni kwamba chini haoni. Sakafu ya mbao aliyoijua kuliko sakafu ya nyumba yake ilikuwa imemezwa. Wachezaji wenzake walielea kuanzia magotini, miguu hakuna. Akapokea mpira, akaudunda mara tatu, akampa Mlingoti, senta wao, rafiki yake, mtu wa mita mbili na ushee. Sekunde arobaini. Hamsini. Filimbi ikalia, kocha akampungia mkono atoke.

Alipokaa kwenye benchi alisikia meno yake yakigongana. Imekwisha. Mezani wameandika: mechi ya thelathini. Dokta akamwekea barafu kwenye goti asiloumwa, akamminya bega, wala hawakutazamana. Nukta akaegemeza kichwa ukutani, akayatazama mataa ya darini, akahesabu dakika. Kila robo ilipoisha alilipima giza kwa ubao wa matokeo uliokuwa mbele yake: akilitazama jina la timu yao, je, mstari wa chini anauona? Robo ya kwanza aliuona. Robo ya pili aliuona nusu. Robo ya tatu hakuuona kabisa, lakini akajikaza kisabuni, akabaki palepale.

Robo ya nne zikiwa zimebaki dakika sita, Msumari akaanguka. Msumari ndiye aliyekuwa amechukua nafasi ya Nukta uwanjani, na aliyemsaidia Msumari alikuwa nje tangu mwezi uliopita, mguu ndani ya plasta. Sasa Msumari ameshika kifundo cha mguu anagaagaa, na kocha amegeuka upande wa benchi.

"Nukta, goti linaendeleaje?"

Swali jepesi. Alimtazama Dokta, na Dokta akainamisha uso kwenye sanduku lake la dawa kama anatafuta kitu kilichopotea zamani. Akisema ukweli, mkataba unachanwa, bima inakwenda, kesho anapelekwa upasuaji na nini? Asiposema, anakwenda kusimama chini ya viwiko na jicho linalong'olewa na pumzi. Mambo mawili hayo aliyaona vizuri sana, pengine ndiyo pekee aliyokuwa akiyaona vizuri.

"Linaendelea," akasema, akavua fulana ya juu.

Dakika sita zile sitaki kuzirefusha, lakini yeye zilimrefukia. Upande wa pili kulikuwa na mchezaji waliyemwita Kabati, kwa upana, na Kabati hakuwa mtu mbaya, alikuwa mchezaji tu, na mchezaji mzuri ananusa woga. Aliona mara moja kwamba Nukta anajikinga. Mtu ambaye miaka kumi na minne alikuwa akipenya chini ya makwapa yao kama hana mifupa, leo akisogelewa anarudi nyuma, mkono mmoja unadunda, mmoja umepandishwa usoni. Basi Kabati akawa anamfuata yeye tu. Nukta akisikia pumzi ile nzito upande wa kulia, upande wa ukungu, nywele zinamsisimka mwili mzima. Mara moja bega likampitia karibu na sikio, halikumgusa, na alijikuta ameuachia mpira utoke nje akiwa peke yake. Jukwaa likaguna. Hajawahi kugunwa kwenye uwanja wa nyumbani.

Alitoa pasi yake ya kulia mara mbili. Mara zote mbili Mlingoti alikuwa mahali pake, watu wakasimama, wakapiga miluzi, na Nukta akawa anasikia shangwe zile kama zinamhusu mtu mwingine. Alikuwa akihesabu. Si hatua za wenzake sasa. Alikuwa akihesabu miili. Walipoingia aliwaona kuanzia magotini. Sasa aliwaona kuanzia kiunoni, halafu kifuani. Maji yalikuwa yanamfika shingoni kweli, na yeye ndiye aliyejitumbukiza.

Zikabaki sekunde arobaini, wako nyuma kwa pointi moja. Kocha akaomba mapumziko mafupi, wote wakamzunguka, akatoa kibao chake na kalamu.

"Nukta, wewe unaanza na mpira hapa. Mlingoti anamvuta Kabati huku. Wewe unaingia chini yao, moja kwa moja mpaka kwenye kikapu. Ama unafunga, ama wanakuangusha tunapata faulo. Umeona?"

Nukta alitazama kibao. Juu aliona duara la kikapu. Pale chini, alipochorwa yeye, hapakuwa na kibao.

"Nimeona," akasema.

Dokta akamnyooshea chupa ya maji. Nukta akapeleka mkono, vidole vikafumba hewa. Akapeleka tena, vikafumba hewa. Mlingoti akacheka. "Leo mzee kaamua kutumaliza," akasema.

Nukta akainua uso kumtazama kocha, na kocha alikuwa akiendelea kuongea, macho makali, kipaji kimekunjamana kwa jasho. Chini ya pua hapakuwa na kitu. Sauti ilikuwa inatoka mahali ambapo hapapo. Hapo ndipo woga wote wa siku ile, wa bafuni na wa kitini na wa benchi, ulipoonekana mdogo. Alimwona mtu hana mdomo, mchana kweupe, chini ya mataa yote yale, akajua kwamba dakika chache tu zijazo hatamwona hata macho.

"Kocha, sioni," akasema.

"Miaka yote hiyo na sisi hatukuoni wewe," Mlingoti akadakia, "mbona hatujalalamika?"

Benchi zima likacheka. Hata kocha mabega yalimcheza.

"Nasema kweli. Sioni."

"Subiri uingie chini ya Kabati, ndio kabisa," mwingine akasema, wakacheka tena, kile kicheko cha watu wenye wasiwasi waliopata pa kuutolea.

Akafungua mdomo kuwaambia mara ya tatu na akaona hana sauti ya kuwaambia. Miaka kumi na minne aliwazoesha hivyo. Kila alichosema kwenye benchi lile kilikuwa mzaha, koo lake lenyewe lilikwisha shika ule mwendo, na hata sasa maneno yalikuwa yanatoka na lafudhi ya utani. Alijisikia mwenyewe. Angekuwa yeye anayesikiliza angecheka pia.

King'ora kikalia. Mlingoti akamwekea mkono begani, mkono mzito wa mapenzi, akawa anamsukuma taratibu kuelekea uwanjani. Nukta akapiga hatua mbili. Mbele yake waliondoka watu wasio na vifua, vichwa vinaelea, na kimoja kipana kilikuwa kinamsubiri. Akasimama. Akakaa chini, palepale kwenye mstari mweupe, kisha akajilaza chali, mikono ubavuni, kama daktari alivyomwagiza asubuhi.

Jukwaa likalipuka kwa kicheko. Wakaanza kumwimba: Nukta, Nukta, Nukta. Walidhani anaaga, kwamba ni kituko chake cha mwisho cha msimu. Watu walisimama na simu zao kumpiga picha. Mwamuzi akaja juu yake, akamwambia ainuke, la sivyo timu inaadhibiwa. Mlingoti akachuchumaa, bado anatabasamu. "Basi, kaka, inatosha. Inuka."

"Mlingoti," Nukta akasema, "nikiinuka napofuka."

Tabasamu la Mlingoti likabaki usoni, halijui liende wapi. Akageuka kumtazama kocha. Kocha akageuka kumtazama Dokta, maana ndiye mwenye kazi hiyo.

Dokta alikuwa amesimama na chupa ileile mkononi. Angeweza kusema goti. Neno moja tu, goti, wangemnyanyua Nukta kwa machela, mkataba ungesimama, naye angerudi nyumbani kwa watoto wanne na mama yake. Ila machela ingehitaji kumnyanyua, kumkunja, kumpitisha kwenye ngazi kwa haraka wakidhani ni goti. Nukta, amelala pale, alimwona mtu yule akimeza mate mara tatu.

"Anasema kweli," Dokta akasema. "Jicho la kulia halioni tangu miaka sita iliyopita. Mimi ndiye niliyekuwa nasaini. Leo ni la kushoto. Asiguswe kichwa na mtu."

Hakuna aliyecheka. Jukwaani waliendelea kuimba kwa muda, halafu wa safu za mbele wakanyamaza, halafu wa nyuma yao. Mwenyekiti wa klabu, aliyekuwa ameketi safu ya kwanza, alisikia kila neno. Alikunja karatasi yake ya matokeo, akaitia mfukoni, akatoka bila kumtazama mtu.

Mkewe alifika wakati huo. Karani wa zahanati alikuwa amepiga simu nyumbani kuthibitisha saa ya upasuaji, na yeye akaacha nguo ya mteja kwenye sindano, akaja na utepe wa kupimia shingoni. Alishuka ngazi za jukwaa akiwasukuma watu. Hakumgombeza mumewe. Alipiga magoti, akauliza limefika wapi, naye akamwambia. Akatoa simu akampigia daktari, na daktari akasema kesho haifai tena, mleteni sasa hivi, mumlaze vilevile alivyolala. Habari ya bima hakuna aliyeitaja. Mlingoti na wenzake watatu wakaingiza mikono chini ya mgongo wake wakamnyanyua bapa kama ubao, watu warefu wale, wakipiga hatua pamoja ili asitikisike, na Mlingoti alikuwa analia bila kujificha.

Hospitalini wakamweka kwenye kitanda cha magurudumu nje ya chumba cha upasuaji. Muuguzi akasema dakika kumi. Mkewe akamwinamia, uso kwa uso.

"Unaniona?"

"Nakuona."

"Kiasi gani?"

Akautazama uso wake. Pua ilikuwa imeanza kuondoka.

"Cherehani nitauza, na kingine tutakitafuta," mkewe akasema. "Daktari kasema umewahi. Kila kitu kitakuwa sawa, baba watoto."

Sauti yake ilikuwa tulivu, ileile anayotumia akimsomea mteja vipimo. Mdomo uliosema maneno hayo Nukta hakuuona. Aliona macho tu, na macho yale yalikuwa yanaogopa kuliko yeye. Akamwitikia ndiyo, akamshika mkono, akaendelea kuyatazama bila kupepesa mpaka walipokuja kumchukua.